Kitanda cha Mama Juu ya Corolla

Tangu nirudi kutoka likizo, swali katika ofisi ya walimu ni moja: "Mwalimu Athumani, ni kweli mlimpandisha mama yenu milimani mkamwacha huko?" Wengine wanaliuliza kwa huruma, wengine kwa jicho la pembeni. Nimechoka kulijibu kipande kipande kila kengele ya chai ikilia, kwa hiyo nimeliandika lote hapa. Asomaye ampe mwenzake.

Tabata mpaka Chalinze

Kiwanda cha nguo cha Morogoro kilipouzwa, wafanyakazi walitolewa kwenye nyumba za kiwanda, Mama akiwemo. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Kaka yangu mkubwa, Ramadhani, anayeuza vipuri vya magari Dar es Salaam, akamchukua akamweka kwake Tabata, chumba chenye feni, mbele ya televisheni. Mama alikuwa akimwitikia mtangazaji wa habari kila anapowasalimu watazamaji. Alisema ni aibu kumnyamazia mtu mzima aliyevaa tai.

Siku moja akaizima. Akamwambia Ramadhani, "Waite wadogo zako. Nipelekeni Kinole. Kwetu wakinikubali, nabaki. Wakinikataa, narudi hapa kwako, wala hamtanisikia tena nikilitaja jambo hili."

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Mama ni Mluguru, na kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume hulima akala, lakini watoto wake ni wa ukoo wa mkewe, na shamba hupita kwa binti. Mama alijifungua madume matupu: Ramadhani, mimi na Shabani. Baba naye alikuwa Mnyamwezi wa reli aliyekuwa akihamishwa stesheni hadi stesheni, na Mama nyuma yake, mpaka Mama alipopata kazi kiwandani Morogoro. Muda wote huo kipande cha Mama kililimwa na mdogo wake, na mdogo wake alipofariki kikashikwa na bintiye, Zaina. Mama alikuwa anarudi kuomba pahali ambapo mtu mwingine amekwisha kuota mizizi.

Ramadhani alikubali upesi kwa sababu alikuwa na hakika watamkataa. Mimi nilikubali kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Shabani, kitinda mimba wetu, hakuwa na kazi wala sababu. Alikuja na miwani ya jua na viatu vyeupe.

Mama alikuwa na sharti moja, kitanda chake cha vono kiende naye. Ni kitanda cha chuma chenye springi, alichonunuliwa na Baba, na juu yake ndiko tulikozaliwa wote. Tukakizungushia turubai na kukifunga kwa kamba juu ya Corolla ya Ramadhani.

Hiyo Corolla nayo ilikuwa na mambo yake. Ilishushwa bandarini kutoka Japani ikiwa na kanda ya mwenyewe wa kwanza imekwama ndani ya redio, na mafundi wa Dar walikuwa wameshindwa kuitoa. Ukiwasha gari, mwanamke anaanza kuimba Kijapani, taratibu, sauti ya mtu anayekunja nguo mchana. Ukizima, ananyamaza.

"Anasema nini huyu?" Mama aliuliza tukipita Kibaha.

"Mama, hicho ni Kijapani," akasema Ramadhani.

Mama akasikiliza mpaka Mlandizi. "Anamlalamikia wifi yake," akasema. "Wifi hampokei mzigo akitoka sokoni."

Chalinze tulisimama kula. Sisi tuliagiza mishikaki na soda. Mama alifungua hotipoti yake ya wali wa nazi, akala akiwa ndani ya gari, mlango wazi, akiwatazama wauzaji wa mayai wanavyoyakimbilia mabasi. Nilipomletea mshikaki aliunusa, akamgawia paka. Tulipowasha gari kanda ikageuka upande wa pili, na Mama akasema sasa yule mwanamke anawaambia watoto wake wasile vya njiani.

Morogoro, kitanda ndani ya gesti

Tuliingia Morogoro jioni, mlima umejifunika wingu mpaka kiunoni. Mama alitaka tupite kiwandani kwanza. Geti lilikuwa limepakwa rangi mpya na mlinzi alikuwa mgeni.

"Shikamoo mama. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba. Hatumtafuti mtu. Nasikiliza king'ora."

"Siku hizi hakilii, mama."

"Ndiyo maana nasikiliza," akasema Mama.

Tukakaa pale kimya, gari limezimwa. Nilipokuwa mdogo king'ora hicho ndicho kilichokuwa saa ya mji mzima. Kikilia alfajiri, Mama hufunga kanga kiunoni na kutoka, nasi tunabaki kitandani tukigombania joto alilotuachia. Sikujua kama bado nilikuwa na joto hilo mwilini. Jioni ile nililisikia mgongoni, na nikawa na huzuni ambayo sikuitarajia. Mlinzi alituacha tukae tunavyotaka.

Gesti ilitukaribisha vizuri mpaka Mama alipoamuru kitanda kishushwe. Dada wa mapokezi akasimama mlangoni.

"Mama yangu, chumba kina kitanda tayari."

"Nimekiona, mwanangu. Hicho ni cha wapita njia."

"Sasa hiki mtakiweka wapi?"

"Hicho chako mtakitoa nje."

Walijadiliana kwa adabu kubwa, kila mmoja akimwita mwenzake kwa heshima zaidi kuliko mara iliyopita, mpaka dada wa watu akaishiwa majina. Kitanda cha gesti kikatolewa koridoni, na Shabani akalala juu yake hapo hapo kwa sababu alikuwa hajapangiwa chumba.

Kiroka, sebule kando ya mto

Asubuhi tulishika njia ya Bigwa kuelekea Kiroka, lami ikaisha, manyunyu yakaanza. Hapa niseme jambo ambalo hatukulielewa wakati ule. Kila tulipopita, watu walisimama. Wanaume walivua kofia. Wanawake waliokuwa wakicheka kisimani walinyamaza na kushika tama. Mama aliwapungia mkono, nao hawakurudisha.

"Watu wa huku wamekuwa na adabu sana," akasema.

Kiroka, Mama aliingia msikitini kuswali, nasi tukabaki na gari. Ramadhani aliona miche ya michungwa na michenza inauzwa kando ya barabara, akanunua fungu zima. Nilimuuliza ya nini, ilhali alikuwa na hakika Mama atarudi naye Dar.

"Kama hatabaki, tumemwachia Zaina zawadi," akasema. "Kama atabaki, basi tuwe na chetu pale. Siku hizi kila kitu kinauzwa, Athu. Mti ni alama. Kesho na keshokutwa watu wanapima viwanja, sisi tuna miti yetu imesimama."

Wakati huo mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama, akalitazama turubai juu ya gari, akatutazama sisi watatu, tumenyeshewa na tumenuna. "Mnakwenda wapi, wanangu?"

"Kinole," nikamjibu. "Kwa kina Bi Mwanaidi, mama yetu."

Akavua kofia, akatikisa kichwa, akapanda baiskeli na kukanyaga pedali kwa haraka ambayo sikumdhania.

Mbele kidogo mto ulikuwa umejaa na kufunika barabara. Waendao kwa miguu walivuka kwa daraja la magogo, mzee wa baiskeli akiwa miongoni mwao, baiskeli begani. Sisi wa magari tulibaki kusubiri maji yapungue. Kukaa garini kulimchosha Mama, kwa hiyo tukakishusha kitanda, tukakiweka chini ya mgomba mkubwa, akaketi. Baada ya muda mama mmoja mwenye kapu la ndizi akaomba kupumzisha miguu. Akaja dereva wa lori la mbao, akaja na mwalimu mstaafu mwenye mwavuli, ambaye mimi naye tuligundua tumesoma vitabu vilevile. Kitanda kikajaa. Springi zililia kila mtu alipocheka, na kwa kuwa zimeungana, mmoja akicheka wote walipanda na kushuka.

Mama wa ndizi akaziweka juu ya makaa, dereva akatoa chumvi. Ukungu ulishuka kutoka milimani ukatuzunguka, mto haukuonekana tena, tuliusikia tu. Ramadhani akawasha gari ili apate joto, na yule mwanamke akaanza kuimba.

"Huyu nani?" akauliza mama wa ndizi.

"Mtu wa Japani," Mama akajibu. "Anasubiri maji yapungue."

Hakuna aliyebisha. Tulikaa hivyo sijui kwa muda gani. Nakumbuka kutamani mto usipungue, nikamwona Shabani amevua miwani na viatu vyake vyeupe, miguu yake imegusa majani, amelala kwenye paja la Mama mbele ya watu kana kwamba hajawahi kuota ndevu.

Mkuyuni mpaka Kinole

Corolla ilifika Mkuyuni, ikatazama mlima, ikakataa. Tukaiacha kwa mwenye duka. Kwa bahati vijana wanne walikuwa wakishuka, na walipoona turubai waliinua kitanda mabegani bila kuulizwa, wala hawakutaka ujira. Walikwenda taratibu, hawasemi, wakibadilishana kwa zamu. Mimi na ndugu zangu tukafuata na godoro na miche. Mama alikuwa nyuma kwa sababu kila mdalasini alioupita alitaka kuukwangua na kuunusa.

Nyumbani kwa mjomba wetu Kibwana, kaka yake Mama, uwanja ulikuwa umejaa watu. Tulipotokea, kilio kikapasuka. Zaina alijitupa chini mbele ya kitanda. "Mama mkubwa, ungenisubiri nikuone." Mjomba, ndani ya koti la mtumba lenye vifungo vikubwa vya kike, alitukumbatia mmoja mmoja akilia. Nasi tukalia, tukidhani amefariki mtu wa pale na hatujaambiwa.

Kisha Mama akatokea kwenye kona na kipande cha mdalasini mdomoni. Akauliza, "Nani amekufa?"

Kilio kikakatika. Zaina alimtazama Mama, akakitazama kitanda, akakaa chini vizuri. Mzee mwenye baiskeli alikuwepo. Alijisogeza nyuma ya watu. Nilipofungua turubai na springi zikaonekana, mtu mmoja alianza kucheka, na kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko kilio.

Ila Mjomba hakucheka hadi mwisho. "Dada," akasema, "tumekwisha kukuchimbia. Kaburi limefika kiunoni."

Kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, ni mkosi. Wakakata shina la mgomba, wakalizika kwa heshima zake zote, nasi tukashika majembe. Mama alisimama akitazama. Walipomaliza aliwageukia ndugu zake.

"Nimeona mmenipa pahali nikifa, tena bila kuwaomba," akasema. "Nashukuru. Sasa naomba pa kulala ningali hai."

Watu walitazama chini. Mjomba alimtazama Zaina, kwani sehemu yote iliyobaki ya kina Mama ilikuwa mkononi mwake, na ana mabinti wawili. Mjomba akasema lukolo, yaani ukoo, utakaa kesho alasiri.

Miche

Asubuhi Zaina alituletea uji wa pilipili manga na mihogo. Mama alikwenda kuzuru makaburi ya wazazi wake. Ramadhani alituamsha, akatupeleka kwenye kipande cha Mama, mteremko wa migomba na minanasi unaoishia kijitoni, na tukaanza kuchimba. Nilijisikia vizuri, nakiri. Udongo ulikuwa mweusi na laini, ukungu unapita katikati yetu, na kila mche tuliouweka niliwaona wanangu wakija kuchuma. Shabani alipanda wake akauita jina lake.

Zaina alipita na ndoo kichwani. Akasimama. Akatazama mstari wa miche tangu mwanzo mpaka mwisho, akaendelea na njia yake.

Mchana uji haukuja, wala mihogo, wala mtoto wa kutuita. Jirani aliyetusalimu jana kwa mikono miwili alipita upande wa pili wa njia. Nilidhani ni uchovu wa msiba usiokuwepo.

Alasiri Mjomba alikuja na wazee wa ukoo, Mama akiwa nyuma yao, uso umemshuka. Mjomba hakuketi.

"Wapwa zangu," akasema, "mgomba ukipanda, unapanda chakula. Muhindi ukipanda, unapanda chakula. Mti wa kudumu ukiupanda kwenye ardhi ya ukoo bila kuomba, umesema ardhi ni yako. Mti ni wa aliyeupanda, hata akienda mwisho wa dunia. Mama yenu anaomba pa kulala, kumbe ametanguliza wanawe waje kuchukua shamba."

"Hatukujua, Mjomba," nikasema.

"Mwalimu hajui. Nani anajua?"

Ramadhani alifungua mdomo aeleze mambo ya kupima viwanja, Mama akamkata. Hakupaza sauti. "Ng'oa."

Ramadhani akang'oa. Sote tuling'oa, mche baada ya mche, mbele ya wazee. Mama hakututazama, alikuwa ametazama kijitoni. Nilijua pale kwamba amekwisha kupoteza, na kwamba ni sisi tuliompotezea. Ramadhani, aliyekuwa amesafiri akiomba Mungu wamkatae, alikuwa akilia na udongo mkononi.

"Baba yenu hakuwa hivi," Mjomba akasema, na sauti ikalegea kidogo. Akatuonyesha mti mrefu kando ya kijito, mdoriani, matunda yake yenye miba yakining'inia juu. "Ule ni wake. Mnyamwezi, mtani wetu, alikuja na jogoo, akakaa mlangoni kwangu tangu asubuhi anaogopa kusema. Tulimcheka sana. Tukamwambia, panda papai ule upesi, mti huu utazaa umezeeka. Akasema, 'Shemeji, wanangu wakikua watawafuata wake zao kama mimi nilivyomfuata dada yako. Nataka wawe na sababu ya kuja kwa mama yao.'" Mjomba akafunga kifungo cha koti lake. "Tukamruhusu. Mti ule ni wenu. Ardhi iliyo chini yake si yenu. Ndivyo ilivyo."

Baba hakuwahi kutuambia. Nilimtazama Mama, akakwepa macho yangu, ndipo nikaelewa kwa nini alitaka tuje katika msimu huu wa doriani, sote watatu.

Zaina alisogea mbele, akainama, akakusanya miche yote kwenye kanga yake. "Kaka zangu, hii mmeshaing'oa. Mnaitaka?"

"Hapana," akasema Ramadhani.

"Basi nipeni mimi."

Akachukua jembe, akaanza kuipanda, mmoja mmoja, katika mashimo yaleyale tuliyochimba. Wazee walimtazama bila kumzuia, maana yeye ni wa pale. Alipofika mche wa mwisho alinyoosha mgongo.

"Sasa ni michungwa yangu," akasema. "Itataka mtu wa kuifukuzia nyani nikiwa sokoni. Mama mkubwa, kitanda chako tutakiweka chumba cha mama yangu. Ila ulete na godoro. Mimi sina la ziada."

Mama alikaa chini kwenye udongo na kujifunika uso kwa kanga.

Kushuka

Ramadhani alitaka tuchume doriani tuondoke, biashara inamngoja. Mjomba akamcheka. Doriani halichumwi, linasubiriwa mpaka lianguke lenyewe. Ukilichuma bichi halina utamu, na ukikaa chini yake kizembe litakupasua kichwa. Kwa hiyo tukasubiri. Ramadhani, ambaye hawezi kusubiri hata chai ipoe, alikaa kwenye ukingo wa kijito na kuukodolea macho mti wa Baba, huku Mama na Zaina wakibishana jikoni juu ya kiasi cha nazi. Kila lilipoanguka moja kwa kishindo, sote tulikimbia, watu wazima na ndevu zetu.

Siku ya kuondoka Mama alitusindikiza mpaka kwenye kona ya midalasini. Hakulia. Alimrekebisha Shabani kola, akamwambia Ramadhani apunguze mwendo kwenye kona, akaniambia mimi nile. Halafu akageuka, na kabla hatujasogea ukungu ukawa umempokea.

Corolla ilituchukua Mkuyuni ikanuka doriani mara moja. Mwanamke wa Japani akaanza kuimba. Juu ya gari hapakuwa na kitu, na kila tulipopita watu hawakusimama tena. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa kifundoni tu, na ng'ambo, chini ya mgomba ule, majani yalikuwa bado yamelala pale miguu ya kitanda ilipokuwa.

Tulipovuka, Ramadhani akapandisha sauti ya redio.

"Anasema msimu ujao tuje mapema," akasema.

Hakuna aliyemwambia kwamba hicho ni Kijapani.